Kiboko wa Kwenye Miwani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimepata mzigo kutoka kwa Prudencia, binti yangu aliyeko Dar. Miwani ya uhalisia pepe, na kamera inayorekodi pande zote. Eti nisiwe mpweke tangu mama yake afariki. Mpweke! Mimi Bagenda! Nina redio.
Ila wazo limenijia. Kwenye benchi la kahawa hapa Buswelu wanamsikiliza Shigela tu na porojo zake. Nikianza kisa changu cha kiboko, kila mtu anakumbuka ana shughuli. Sasa nitajirekodi. Mtu akivaa miwani ataniona nimekaa mbele yake. Atakimbilia wapi?

Jumanne, 4 Machi
Nimerekodi ziwani Luchelele, palepale kiboko aliponipindulia mtumbwi. Dakika arobaini! Nilipofika kwa yule msichana aliyeniopoa majini, nikamwoa, mama yake Prudencia, sauti yangu ilikatika. Sikupanga. Nimeiacha.

Alhamisi, 6 Machi
Foleni benchini! Hata Shigela kajipanga. Josephat kavaa wa kwanza, kapiga yowe. Nikamuuliza kama kafika kwa kiboko. Kiboko gani? Kageuka nyuma, humo kwenye miwani anatazama bata wanagombana ufukweni.
Wote wamenipa mgongo. Mmoja baada ya mwingine!
Shigela kavua miwani, kaanza kusimulia ugomvi wa bata. Watu hawana mbavu. Nimechukua miwani yangu, nimeondoka. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimevaa mwenyewe. Yule mzee anasimulia vizuri jamani. Alipokatika sauti nilinyoosha mkono nimshike bega. Nimeangusha chupa ya chai.

Jumapili, 9 Machi
Kosa nimelijua: bata. Narekodi upya sebuleni, pazia limefungwa. Hakuna cha kutazama ila mimi.
Nikiwa katikati, hodi! Selina, muuza kahawa. Shikamoo, marahaba. Leo mjukuu wake kabatizwa, kapika ndizi kwa nyama, watu wote wa benchini wako kwake.
"Tumekuwekea kiti, mzee Bagenda. Njoo utupigie hadithi, yoyote unayopenda."
Nikamwomba radhi, nikamwambia apunguze sauti, kamera inanasa kila kitu. Leo sina nafasi, nina wasikilizaji wa kuwaandalia. Akaenda zake.
Nimefunga mlango kwa komeo. Nimekaa vizuri, nimeitazama kamera, nimeanza tena mwanzo: "Karibuni, wageni wangu, sogeeni karibu."