Bibi Asnath Ukingoni mwa Picha

Jumatatu, 1 Septemba
Nimegundua siri. Fundi mmoja wa picha kwenye video za simu anasema mtu asiwekwe katikati ya picha. Mweke pembeni, umwachie nafasi upande anaotazama. Miaka sita hapa Masuguru nimekuwa nikiwabandika watu katikati kama stempu! Ndiyo maana wateja wanavuka barabara kwenda studio ya Muhsin. Muhsin hajui siri hii. Namwonea huruma kidogo.

Jumatano, 3 Septemba
Mama Josefina wa Makuyuni anamwoza binti yake na anatafuta mpiga picha. Nikiipata harusi hii, studio imepona. Nikiikosa, narudi Mazingara kulima na kaka. Jumamosi mimi na Muhsin tutapiga picha ya ukoo, kila mtu yake, kisha Mama Josefina achague. Nimefanya mazoezi kwa mbuzi wa jirani. Mbuzi amekubali pembeni bila ubishi.

Jumamosi, 6 Septemba
Balaa. Bibi Asnath wa ukoo huo, miaka tisini, alikuwa kitini katikati ya wanawe, mahali pa mkubwa. Muhsin akapiga hivyohivyo, akamaliza. Mimi nikampa bibi shikamoo, nikamsogeza na kiti chake hadi ukingoni, nikawaondoa wajukuu upande anaotazama, pakabaki wazi. Mzee Semboja, mwanawe wa kwanza, akauliza mama yake amekosa nini hata atengwe. Nikamweleza habari ya mistari ya kugawa picha mafungu matatu. Akasema mistari ni ya mahindi. Nikapiga hivyohivyo.

Jumapili, 7 Septemba
Nimempigia kaka kuuliza kama ana jembe la ziada. Analo.

Jumatatu, 8 Septemba
Mama Josefina amepiga simu. Bibi ameziona picha zote mbili, akaisukuma kando ya Muhsin. Kwenye yangu ameweka kidole pale palipo wazi, akasema hapo ndipo angekaa marehemu mumewe, na hajawahi kuona mpiga picha aliyemkumbuka. Ameagiza itiwe fremu. Harusi ni yangu! Nimelia dukani, mlango nimeurudishia. Marehemu sikuwahi hata kumsikia, ila sioni haja ya kumsumbua bibi kwa maelezo.

Jumanne, 9 Septemba
Sifa zimefika Handeni. Shule moja ya sekondari inataka picha za vitambulisho vya wanafunzi mia mbili. Mwalimu mkuu amerudia mara tatu kwamba uso ukae katikati kabisa. Nimeitikia kwa heshima. Maskini, hajui. Nitawaweka pembeni wote mia mbili, na atanishukuru mwenyewe akiziona.