Karatasi Iliyoruka na Baba Mukwe

Kwa Mzee Bulaimu, Baba Mukwe (Mungu akipenda), Kasongo.

Salaam aleikum. Kwa heshima zote natangaza rasmi: karatasi yangu moja imeruka.

Redio imesema kwamba karatasi za kukagulia mitambo, zilizopanda na watu katika vyombo vya kwanza vya kujaribu kuruka angani, Wazungu wanazinunua kwa bei ya nyumba. Maandishi yenyewe si kitu: fungua hiki, funga kile. Thamani yake ni kuruka. Nami ninayo yangu ya kukagulia pikipiki: breki, mnyororo, mafuta. Nilikuletea iwe mahari ya binti yako Latifa mahali pa mbuzi, ukairudisha. Kwa hiyo ninalalamika:

1. Ulisema mbele ya majirani: "Miye niliomba mbuzi, huyu mutoto ananiletea karatasi! Nitaichinja na kisu gani?" Baba, mbuzi gani wa Kasongo amewahi kuruka?

2. Unakana kwamba tuliruka siku ile nilipokupakia. Lakini kile kilalo cha miti, daraja la njia ya Wamaza, wewe mwenyewe ulikiona kikipita chini yetu. Ulinikamata kiuno ukamwita marehemu mama yako kwa jina. Hayo ndiyo mawasiliano ya angani.

3. Unasema pikipiki ilikuwa mbovu. Ndiyo maana ikaitwa safari ya majaribio! Ingekuwa nzima, tungefika tu kama watu wa kawaida.

4. Unasema karatasi iko safi mno. Hapo ndipo ajabu ilipo. Sisi tulitoka mtoni na tope mpaka masikioni, akina mama waliolowesha mihogo wakicheka; yenyewe haikupata hata tone.

Basi ipokee, na uitie sahihi, kwani sahihi ya mutu aliyeruka inapandisha bei. Mkono wa kushoto unatosha mpaka wa kulia utolewe plasta. Na Latifa asiozwe Ijumaa kwa yule mchuuzi wa dhahabu wa Lusangi, ambaye hajaruka popote.

Unisalimie mkeo Mama Soraya, majirani wote, na hata mbuzi wa yule bwana, waliokwisha kufungwa uani kwako.

Mukwe wako, kama si leo basi kesho,
Iliasi, mwendesha pikipiki

N.B. Dada yangu Feza amesoma barua hii. Anasema siku ile karatasi ilibaki nyumbani, kwenye msumari wake. Nimekumbuka: ni kweli. Tuliruka sisi wawili tu. Breki hazikukaguliwa.