Mgonjwa wa Kiti cha Mbele

Jumanne, 3 Agosti 1976

Jumamosi Verdiana anaolewa Inyonga. Mtoto wa kaka yangu! Msemaji wa ukoo: mimi, Bartolomeo. Hotuba tayari. Kaunda suti nyeupe imepigwa pasi. Tatizo ni vumbi. Ukikaa nyuma ya basi la kutoka hapa Mpanda, unashuka Inyonga umefanana na tofali bichi. Kiti chenye heshima ni kimoja tu, kile cha pembeni mwa dereva, na kimeshawahiwa na binamu yangu Stanslaus. Huyo ndiye msemaji wa akiba. Kila siku anaomba nipoteze sauti. Kanipa pole, eti vumbi nalo ni neema ya Mungu.

Tutaona!

Jumatano, 4 Agosti

Nimegundua! Mlangoni mwa basi pameandikwa kwa rangi: KITI CHA MBELE NI CHA MGONJWA. Miaka yote napita tu. Mke wangu Hilaria kauliza naumwa nini. Nikamjibu bado sijaamua. Akasema Mungu anasikia, baba.

Ijumaa, 6 Agosti. Nipo getini, si Inyonga.

Asubuhi ushindi mtupu. Nilifika stendi na blanketi juu ya suti, natembea kama kuku aliyenyeshewa. Kondakta Manyanda akasema tiketi ni tiketi. Nikawageukia abiria. Nyie, nauli si sadaka! Haki ya mgonjwa ni haki ya kila abiria! Vigelegele. Mama mmoja mwenye kuku akamwambia Manyanda kwamba mgonjwa asipokaa mbele, basi haliondoki. Stanslaus akahamishiwa nyuma, kwenye magunia ya dagaa. Nikampa pole. Vumbi ni neema.

Kiti laini mno! Nikasinzia. Wanasema nilikoroma.

Kumbe mbele kuna geti la mbung'o, pale magari yanaposimamishwa yasisafirishe nzi hao. Bwana wa wavu akapanda kuwinda mbung'o wake, akanikuta nimelala mchana kweupe, na blanketi kwenye joto lile. Akamwita dresa, tabibu wa zahanati ya pale getini. Dresa akauliza kama huyu ni mgonjwa. Basi zima: ni mgonjwa! Stanslaus akaongeza, kwa huzuni kabisa, kwamba tangu Pasaka nasinzia hata kanisani. (Kweli. Lakini yaulizeni mahubiri.)

Malale, akasema dresa, ugonjwa wa usingizi wa mbung'o. Nishuke nikapimwe.

Nikaruka, nikapiga kelele kwamba mimi mzima, nilikuwa nadanganya! Dresa akawaambia wenzake kuchanganyikiwa kumeshaanza.

Nikawaomba abiria wanitetee. Wakanitetea! Mama mwenye kuku akatangaza kwamba haki ya mgonjwa ni kutibiwa, na basi haliondoki mpaka nishuke. Manyanda akanishushia mzigo kwa adabu ambayo sijaiona kwa kondakta yeyote. Stanslaus alikaa kabla kiti hakijapoa.

Jumamosi, 7 Agosti

Sindano ya kidole. Sindano ya shingo! Darubini haikuona kitu. Dresa kasema ugonjwa wangu ni uvivu. Basi jingine hakuna mpaka Jumatatu.

Saa hizi Verdiana anatoka kanisani. Suti yangu nyeupe pepepe. Nimewasomea wagonjwa hotuba yote. Wawili walilia. Dresa anasema ni sindano.

Jumatatu, 9 Agosti. Nyumbani.

Basi lilikuja likitoka Inyonga. Stanslaus mbele, meno yote nje. Eti hotuba yake iliwatoa watu machozi. Eti Verdiana alinililia, kanisa zima likaniombea kwa jina, na kanitumia asali. Nikawaambia abiria sina malale. Mama mwenye kuku, sasa bila kuku, akasema ndivyo wanavyosemaga wenye malale. Nimekaa nyuma kabisa na mitumba ya tumbaku. Nimeshuka Mpanda tofali.

Hilaria kauliza kama nimejifunza. Sana! Wakati wa kushuka niliufuta mlango kwa kiganja. Chini ya neno MGONJWA kuna maneno yalikuwa yamefichwa na vumbi: NA PADRI.

Krismasi naenda kumwona Verdiana. Kesho napita kwa fundi cherehani, anipime kanzu. Padri akisinzia, nani atamchoma sindano?