Dinamo ya Marehemu

Jumatatu, 7 Julai

Balaa kazini! Asubuhi bosi wa tanuri ametusimamisha mbele ya magunia ya unga na kutangaza kuwa njia ya bwawani inafunguliwa tena. Hospitali, bweni la wanafunzi, nyumba za mlimani, wote wanataka mkate wa moto kabla jua halijatoka. Anahitaji msambazaji mmoja tu. Mwingine atahamia kukanda unga. Atakayebaki ni yule ambaye taa ya baiskeli yake haitamzimikia kwenye ukungu. Ijumaa anatupima.

Wasambazaji tuko wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu.

Shemeji akasogea mbele. Akainua baiskeli yake, akazungusha gurudumu la mbele kwa kidole, taa ikawaka. Dinamo mpya, ile inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu! Kainunua kimyakimya. Mnafiki. Mimi nina tochi iliyofungwa kwa mpira, inayowaka ikijisikia.

Njia ya bwawani ilikuwa ya Marehemu. Tunamwita hivyo ingawa hana kaburi. Mwaka jana aliingia kwenye ukungu na mikate yake, hakuonekana tena. Iliyorudi ni baiskeli. Ilikutwa imeegemea geti la tanuri, taa inawaka, masanduku matupu. Na wateja wote walikuwa wamepata mkate! Tangu hapo hakuna aliyeitaka njia ile.

Mimi naitaka. Unga unanipa chafya.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kwa fundi baiskeli kuchagua dinamo. Mtu mwenye maneno mengi kuliko spana. Ile ya kusugua tairi, akasema, tairi likilowa inateleza, na ukungu wa bwawani unalowesha hata mawazo. Ya kitovu ya bei rahisi ni nzito, utadhani unaburuta ng'ombe. Ya kitovu iliyo nzuri ni nyepesi, lakini nikiagiza leo naipata mwezi ujao. Nikamuuliza ipi nyepesi kuliko zote alizowahi kushika. Akafuta mikono. Akasema ni ya Marehemu, na hana hamu ya kuigusa tena.

Basi! Nilichotaka kusikia ni hicho tu.

Alasiri nikaenda kwa mke wa Marehemu. Nyuma yake watu humwita Mjane. Mbele yake hathubutu mtu, maana yeye husema mumewe hajazikwa. Gurudumu la mbele la Marehemu, lenye dinamo hiyo kitovuni, lilikuwa limetundikwa sebuleni, juu ya kiti cha mume. Nikavua kofia. Nikamwambia, Mama, bosi kanituma, anataka liwekwe ukutani pale tanurini, liwe kumbukumbu. Uongo ulitoka laini kama siagi! Akalishusha mwenyewe, akalifuta kwa upindo wa nguo, spoki moja baada ya nyingine. Nikaanza kuona haya. Ikapita.

Mlangoni akaniambia, "Likitaka kwenda, usilizuie. Lakini wewe usilifuate."

Nikasema sawa, Mama. Majonzi humfanya mtu aseme mengi.

Jumatano, 9 Julai

Fundi amekubali kulifunga kwa sharti nilishike mimi, yeye akaze nati tu. Alipomaliza akalizungusha kidogo. Akaingia ndani, akanywa chai, akatoka. Bado linazunguka. Akaniomba nisirudi nalo. Wivu wa mafundi!

Nimeliendesha mtaani. Mwanga mweupe kama maziwa. Na wepesi wake! Dinamo yoyote hukuvuta nyuma kidogo. Hii inavuta mbele. Kwenye mwinuko wa shuleni sikuguna hata mara moja. Nilipokata kona kwenda nyumbani usukani ukanigomea, kama mbuzi aliyeona majani upande wa pili. Ugeni tu. Tutazoeana.

Jioni tuko mezani, mke wangu akauliza nani kawasha taa koridoni. Tukachungulia. Baiskeli imesimama kwa stendi, gurudumu la mbele linazunguka taratibu, lenyewe, na mwanga umeelekezwa mlangoni. Mke wangu akaniomba niitoe nje. Nikamweleza kuwa huo ndio ufanisi. Akauliza tangu lini ufanisi unanuka matope.

Kweli, korido ilinuka matope. Nimepiga deki.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimeijaribu njia mwenyewe kabla ya mtihani wa kesho, na mikate ya hospitali juu. Alfajiri, ukungu mzito, huoni hata mikono yako kwenye usukani. Taa ikaupasua. Na mbele yangu, palepale mwanga unapoishia, nikaona mgongo wa mtu kwenye baiskeli. Masanduku ya mikate nyuma. Taa hana.

Shemeji! Anajifunza njia kwa mwanga wangu!

Nikapiga kengele. Hakugeuka. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zote. Hakusogea karibu, hakwenda mbali. Nikatukana ukoo wake mzima, kisha nikakumbuka kuwa nimeoa humo.

Kwenye kona ya bwawa barabara inakata kulia. Yeye akaenda kushoto, moja kwa moja majini, bila kupunguza mwendo. Sikusikia maji yakipasuka. Sikusikia chochote. Gurudumu langu nalo likapinda kushoto. Nikabana breki zote mbili, nikashusha miguu, soli zikachimba mifereji ardhini. Likasimama kwenye matete. Ndani ya kitovu kulikuwa na mngurumo mdogo, kama wa mtu anayesafisha koo ili aseme.

Hospitalini nikafungua sanduku. Mikate ya chini imelowa chapachapa, na sanduku halina hata tundu la sindano. Mpishi akanisema mbele ya manesi. Nikaenda mbio kwa shemeji kumgombeza. Nikamkuta kitandani na mafua, shuka mpaka puani. Mama mkwe akaapa kuwa mwanawe hajatia mguu nje tangu jana.

Nimefikiri mchana kutwa huyo mtu ni nani. Baadaye nikaona hilo si swali la maana. La maana ni kwamba gurudumu hili ni zuri, ila halinifai mimi. Linamfaa shemeji.

Ijumaa, 11 Julai

Shemeji amekuja na mafua yake. Alipokuwa akichana nywele kwenye kioo cha pikapu ya bosi, nikabadilisha magurudumu yetu ya mbele. Nati mbili, nyaya mbili, basi. Saizi moja, vumbi moja. Akili kichwani!

Bosi akatangulia na pikapu kutusubiri hospitalini. Mpango wangu ulikuwa shemeji akwame kwenye matete, alowe magoti, mimi nifike peke yangu. Hayo tu. Naandika ili ieleweke.

Akaniacha mara moja. Nikamsikia akicheka mbele, akipiga kelele kuwa hata pedali hakanyagi. Kisha kwenye mwanga wa taa yake nikaona migongo miwili: wake, na wa yule mwingine. Kicheko kikakatika.

"Shemeji!" akaniita. "Breki hazishiki! Shemeji!"

Nikatupa baiskeli, nikakimbia. Hilo nalo naliandika. Nikaingia majini mpaka kidevuni, maji baridi kama chuma, nikapapasa, nikapata mguu, nikavuta. Akatoka akikohoa na kutapika. Baiskeli haikurudi. Tuliiona taa yake ikishuka chini ya maji, ikienda mbele taratibu kama iko barabarani, hadi karibu na katikati ya bwawa. Ikatulia pale. Haikuzimika.

Shemeji, meno yakigongana, akanishukuru kwa kumshika kola na kumwinua kichwa. Bila hivyo angekufa, akasema. Nikamwambia asijali, ndugu ni ndugu.

Baadaye, nakamua soksi, nikakumbuka. Mimi nilishika mguu.

Jumamosi, 12 Julai

Mtaa mzima uko bwawani. Taa bado inawaka kule chini. Watu wananong'ona kama wako msibani. Mke wa Marehemu akaja, akavua viatu, akaketi kwenye nyasi na kuitazama. Kisha akaniita. Nikajua nimekwisha, sasa ataniuliza habari za ukuta wa tanuri.

Hakuuliza. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, sasa najua alipo. Asante."

Sikuwa na pa kuweka macho. Akamwomba bosi taa isiguswe mpaka wazamiaji waje wiki ijayo, wamtoe mumewe kwa heshima. Wote wakakubali. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bosi akasema mtihani utarudiwa Jumatatu. Shemeji ataazima baiskeli.

Jioni shemeji akaja kwetu kunywa supu ya mafua. Akipita koridoni na bakuli lake, akaona gurudumu lake kwenye baiskeli yangu. Kumbe alilitia rangi nyekundu kwenye rimu! Nikaanza kumweleza kuwa gizani vitu huchanganyika. Akaweka bakuli chini, akaniangalia kwa muda mrefu, mpaka nikaomba anitukane. Mke wangu akainuka. Akachukua spana, akalifungua gurudumu kwa mikono yake, akamkabidhi kaka yake. Mke wangu amelala chumba cha pili.

Baiskeli yangu imepiga magoti koridoni.

Jumapili, 13 Julai

Nimetulia, nimetafakari, nimeona kosa liko wapi. Kosa ni kulitoa lile gurudumu! Dinamo gani nyingine inawasha taa chini ya maji usiku na mchana bila mtu kukanyaga pedali? Hakuna duka linalouza kitu kama hicho. Na tunaiacha pale iliwe na kutu! Nikipata kazi nitamrudishia Mama. Nikishazoea njia.

Nikaazima kamba na ndoana kwa mchimba visima. Nikamwambia ni ya mbuzi. Mchana watu wakiwa majumbani nikashuka bwawani peke yangu. Na bahati iliyoje! Taa imesogea. Jana ilikuwa karibu na katikati, leo iko hatua chache tu kutoka ukingoni, mbele kabisa ya pale niliposimama jana.

Nikatupa ndoana. Ikanasa papo hapo. Nikavuta, haikuja. Nikalegeza kamba. Ikavutwa kutoka chini, kwa upole, kama mtu anayepima uzito wa mzigo. Nikavuta tena. Ikavutwa tena.

Nimefurahi mno. Kumbe chini yuko wa kunisaidia! Kazi ya watu wawili huenda haraka, na huyu hana mafua wala maneno mengi. Tumevutana mpaka viganja vikanichubuka. Kamba nimeifunga kwenye kisiki.

Kesho nakwenda alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, mtu asinione. Safari hii sitashika kamba kwa mikono. Nitajifunga kiunoni, fundo zuri lisilofunguka, ili mikono ibaki huru kuipokea taa.