Nyumba Yetu Imeupa Mtaa Mgongo

Mtaa wa Mill, Namba 7
Aldersham Magna
11 Mei 1978

Kwa Afisa wa Majengo ya Kale,
Halmashauri ya Mji

Bibi Halloway mheshimiwa,

Natumaini u mzima na ngazi za ofisi yako hazijakumaliza magoti. Tarehe 3 Aprili ulikataa ombi langu la kutoboa dirisha ghorofani, upande wa barabara. Uliandika kwamba uso wa nyumba ya miaka mia nne hauguswi, ila mgongo wake unaweza kufikiriwa. Nimeufikiria wiki tano, nikiandika kila siku katika shajara yangu, na sasa nalalamika kama ifuatavyo.

1. Mke wangu, Enid, alivunjika nyonga mwezi Februari. Kitanda chake kinatazama plasta, na nje ya ukuta huo, chini barabarani, kila Alhamisi kuna soko zima: jibini, kuku, umbea. Chumba kingine hakifai, maana sakafu imelala upande. Tarehe 6 Machi tulijaribu humo, kitanda kikaondoka chenyewe hadi mlangoni, naye yumo. Tarehe 20 Aprili aliniambia, "Cuthbert, miaka arobaini nilidhani nimeolewa na wewe, kumbe nimeolewa na ukuta."

2. Tarehe 24 Aprili alikuja seremala, Barney Pocock, kukagua boriti. Kama ujuavyo, mafundi wa zamani walichonga fremu nzima ya mbao uwanjani kwao, wakachanja namba kwenye kila kiungo kwa patasi, kisha wakaileta mjini vipande vipande. Upande uliolainishwa, wenye vichwa vya vigingi vya mbao vinavyofunga viungo, ndio hutazama barabara. Wetu unatazama banda la makaa, nyuma ya nyumba! Barney alicheka mpaka akakohoa. "Mzee wangu," akasema, "nyumba yako imevaa shati nyuma mbele. Walioisimamisha walikuwa wametoka pale," akaonyesha baa ya jirani.

3. Hivyo basi, upande wa barabara ndio mgongo wetu. Naomba dirisha.

4. Ikiwa barabara ni ua wetu wa nyuma, soko limekuwa likifanyika uani kwetu bila hata hodi. Sitaki fidia. Nataka tu wauza jibini wafute miguu.

5. Katika maandamano ya kila Juni, Meya huinua kofia mbele ya nyumba yetu. Miaka yote hiyo ameyaamkia makalio. Mwaka huu apite kwenye banda la makaa, yeye na bendi yake, nitasogeza mapipa.

6. Namba 6 na Namba 8 zimetuegemea huku na huku. Kama sisi tumesimama kinyume, nazo ziko kinyume, na mtaa wote, na kanisa lililo mwisho wake. Sijathubutu kumwambia kasisi kwamba amekuwa akiingilia mlango wa nyuma.

7. Hayo yote yakiwa mazito, basi igeuzeni nyumba yenyewe. Vigingi vya kung'oa na kurudishia ni mia mbili na kumi na vinne, nimevihesabu. Enid yuko tayari kubaki kitandani mkiigeuza. "Waambie taratibu tu," anasema, "nitakuwa na chai mkononi."

Wasalimie wote ofisini, hasa yule bwana wa ramani aliyeniazima futi yake. Enid anawasalimu, na Barney pia, ingawa bado anakohoa.

Mimi mkazi wako mtiifu, ninayeishi kinyumenyume,
Cuthbert Ollerton

N.B. Nimefungua tena bahasha. Nilipomsomea Enid lalamiko la saba, alicheka akipiga ukuta kwa fimbo yake, likaanguka pande la plasta kubwa kama sinia, na la nje likafuata. Nyuma yake kuna dirisha! La kale, na vijiti vyake vitano wima vya mbao ya mwaloni, lililozibwa na mtu asiyependa watu. Barney anaapa kwamba zamani dirisha zuri hivi lilikuwa likiwekwa upande wa mbele tu. Kuhusu vigingi kutazama makaa, anasema fundi naye huchoka, akakosea. Basi uso ni uso, Bibi, kama ulivyosema, na hauguswi. Kwa hiyo hakuna wa kuliziba tena. Tafadhali chana barua hii. Naituma kwa sababu stempu imekwisha kubandikwa, na kwa sababu humu ndani hakuna anayenisikiliza. Leo ni Alhamisi, na Enid ameshatoa mkono nje, anamfokea muuza jibini, na sauti yake inafika kanisani: "Wewe Horace! Toa kidole kwenye mizani, nakuona!"