Dakika Kumi za Mashine ya Nje

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado nikiamka nashangaa: huyu ni wangu! Kasoro ni moja tu. Mume wangu ni fundi viyoyozi, na joto hili limeninyang'anya mume. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Anarudi hoi. Jana alisinzia kijiko kikiwa mdomoni (hata hivyo alipendeza).

Leo lakini! Kiyoyozi chetu wenyewe kiligoma. Akapita mchana kukitazama. Mashine ya nje iko roshani, ghorofa ya tatu. Akazima swichi yake kuu, akaitia kufuli, ufunguo mfukoni. Akatundika kibao: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI. Kisha akakaa. Nikamuuliza mbona hafungui. Akasema mashine za inveta, hizi za kisasa zinazojirekebisha kasi zenyewe, zina kapasita, na kapasita hubaki na umeme tumboni hata ukizima. Ukigusa mapema, ndoa itaishia siku ya ishirini na tatu. Kitabu cha mashine kinataka dakika kumi.

Dakika kumi! Tukakaa juu ya ndoo mbili zilizofudikizwa, magoti yakigusana. Shuka zinapepea kwenye kamba. Hana pa kwenda. Hana cha kufanya. Anaeleza mambo ya volti, mimi nahesabu kope zake. Halafu akafungua, akaweka mita kwanza kuhakikisha umeme umeisha, akakuta waya wa feni umelegea. Akaubana. Akaenda zake.

Nimebaki nazitazama ndoo mbili.

Jumanne, 4 Februari

Nina akili sana. Jana alisema mashine ikikosa hewa hupata moto, na inveta hujizima yenyewe ili isiungue. Nikakumbuka blanketi la mama mkwe. Zawadi ya harusi. Jekundu, la manyoya, zito kama ng'ombe. Nani anatoa blanketi kwenye joto hili? Mama mkwe.

Saa tatu nikaifunika mashine. Saa nne na nusu taa ikaanza kupepesa. Nikalitoa blanketi, nikalitandaza kambani kama nguo ya kawaida, nikampigia simu kwa sauti ya mgonjwa. Akaja mbio! Kufuli. Kibao. Ndoo. Tukatazama wingu moja likipita polepole kama halijui linakokwenda. Akasema linafanana na mimi. Nikayeyuka.

Akapima bodi, akapima kompresa, akakagua kila kiungo. Hakuna kosa. Akaondoka akikuna kichwa.

Jumatano, 5 Februari

Blanketi tena. Ndoo tena. Lakini leo hakutazama mawingu, alitazama viatu vyake. Nikambembeleza aseme. Akasema Ijumaa bosi anachagua mkuu wa mafundi wa inveta: yeye au Chapuchapu, yule mwenzake anayemaliza mashine nne wakati yeye anamaliza mbili. Cheo hicho amekiota miaka sita. Lakini fundi asiyeuona ubovu wa nyumbani kwake atamwongoza nani? Kesho kutwa atamwomba bosi aondoe jina lake.

Moyo uliniporomoka hadi kwenye kandambili. Nikafumbua mdomo nikiri kila kitu. Papo hapo akaegemeza kichwa begani kwangu. Nikaufumba.

Alhamisi, 6 Februari

Suluhisho! Akiwa na kosa la kuligundua, imani itamrudia. Nikaifunika mashine mara ya mwisho (ya mwisho kabisa), taa ikapepesa, nikalirudisha blanketi kambani, kisha nikabandika gazeti mgongoni mwa mashine, kana kwamba limepeperushwa na upepo. Nikapiga simu. Nikapaka wanja.

Akaja Chapuchapu! Mume wangu yuko juu ya paa la watu, bosi kamtuma huyu. Nikaingia jikoni kumletea maji. Kurudi, kashazima swichi bila kufuli, mfuniko uko chini, kidole kinaelekea kwenye bodi. Nikapiga ukelele, glasi ikaanguka. Akacheka. Eti shemeji, mimi nimezaliwa na bisibisi mkononi, kapasita zinanifahamu. Nikamwambia basi aziwekee mita tuone zinavyomsalimia.

Akaiweka. Volti mia tatu na kumi.

Akakitazama kidole chake kama ndiyo kwanza anakiona. Akaketi kwenye ndoo bila kuambiwa. Nikaitia swichi kufuli ya sanduku langu la bibi harusi. Dakika kumi na Chapuchapu! Alinisimulia jino lake linalouma. Sikujua dakika zina urefu ule.

Akapima tena, umeme umeisha. Akaliona gazeti. Akaona pia unyoya mwekundu kwenye mapezi ya mashine, vile vibati vyembamba vya mgongoni. Akalitazama blanketi kambani. Akanitazama mimi. Akasema: shemeji, mimi sikuona manyoya, wewe hukuona kidole.

Tukapeana mikono.

Ijumaa, 7 Februari

Amepata! Mume wangu ndiye mkuu! Na aliyempigania ni Chapuchapu mwenyewe. Alisimama mbele ya bosi akaeleza habari ya kidole chake, bila aibu, akasema fundi ambaye hata mkewe hakubali mashine iguswe bila mita, huyo ndiye afundishe wengine, yeye Chapuchapu awe wa kwanza darasani. Kuhusu manyoya, kimya. Muungwana yule! Jino lipone.

Mume wangu anacheka peke yake. Anasema kumbe siku zote ni magazeti, na upepo wa mtaa huu hauna adabu. Nilitaka kukiri. Nikanywa chai.

Ila ukuu una kazi. Kuanzia Jumatatu atatoka saa kumi na moja alfajiri, atashughulikia mashine kubwa za maghorofani. Akaniambia, huku akichezea vidole vyangu, kwamba kitabu cha mashine zile kinataka dakika kumi na tano.

Kumi na tano!

Nimemuuliza kama mashine yetu si ndogo mno kwa nyumba hii.

Blanketi nimelifua, nimelikunja vizuri, nimeliweka karibu na mlango wa roshani. Si kwa lolote. Ikipiga baridi tu.