Nilivyomkimbia Baba Mkwe Mbele ya Maprofesa wa Dunia

Nimeadhirika leo, jamani. Na si kidogo. Nimeadhirika mbele ya maprofesa watano wa jiografia, kila mmoja na bara lake, na mbele ya baba mkwe wangu, wote kwa mpigo mmoja, saa nne na robo asubuhi. Samadi nimeshaiosha. Aibu bado.

Ngoja nianze mwanzo, maana mnaonijua mtasema natia chumvi.

Mnaikumbuka ile ramani yangu? Kwa wageni: mimi ni mhadhiri wa jiografia, mzaliwa wa Bulyaga pale Tukuyu, mke wa mtu kijijini Kisondela. Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya wazee, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, hataji jina lake (hata hapa siliandiki, na msinijaribu kwenye komenti). Akimwona anakuja, anaacha njia. Wenyewe tunaita ukutila, ile hofu ya heshima. Sasa wanawake wakiacha njia miaka nenda miaka rudi, pale wanapokwepea napo panakuwa njia. Ukipita migombani kwetu utaona vijia vimejipinda bila sababu, vinazunguka nyumba, vinakwepa baraza, vinashuka bondeni na kupanda tena. Sababu ipo. Sababu ni baba mkwe wa mtu.

Mimi nilivitembea vijia hivyo miaka mitatu, kifaa cha GPS mkononi, nikiwafuata mabibi na wanawake wenzangu nyuma nyuma. Nikachora ramani. Kazini walicheka, wakasema nimekwenda kupima njia za kukimbilia. Basi ramani hiyo ya kukimbilia imeingia fainali ya tuzo ya kimataifa ya wanajiografia! Tulibaki wawili duniani. Mimi, na bwana mmoja anayechunguza barafu za milimani. (Mtoto wa Bulyaga na barafu. Mnaona mambo hayo?) Nikiipata tuzo, ramani inaingia kwenye vitabu vya kufundishia. Nikiikosa, narudi kuwa yule mama wa njia za kukimbilia mpaka nistaafu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mahojiano ya mwisho. Walitaka yafanyike kwa video nikiwa huku huku uwandani, wavione vijia kwa macho yao.

Nilijipanga, msidhani sikujipanga. Tangu juzi nilimwambia mama mkwe ratiba yangu: saa nne nitakuwa juu barabarani, penye banda la kupimia chai, kwa sababu mtandao pale ni wa uhakika. Mama akamfikishia mzee. Ndivyo tunavyoishi mimi na mzee, mwaka wa kumi na moja sasa. Yeye anajua nilipo, mimi najua alipo, hatukutani. Ndege za angani zina waongozaji wao, sisi tuna mama.

Saa tatu na nusu nipo bandani, kitenge kipya, kilemba kimekaa, moyo unaruka kama nina miaka kumi na sita. Kumbe leo ni siku ya kupima majani! Watu wamejaa, magunia yamejaa, mzee mmoja anamwapia karani kwamba majani yake yamelowa mvua ya Mungu na si maji ya ndoo, karani hataki kusikia. Nikawaza, hapa profesa ataniuliza swali atajibiwa na mwenye gunia. Zikiwa zimebaki dakika kumi nikabeba simu na stendi yake, nikashuka kwenye kijia cha akina mama chini ya barabara, hadi pale kwenye kona ya mparachichi. Nikajaribu mtandao, upo. Kimya, pamepoa, na nyuma yangu kijia chenyewe kinajikunja kuingia migombani. Nikajipongeza kwa akili nyingi.

Je, nilimtumia mama habari kwamba nimehama? Sikutuma. (Msomi huyo.)

Saa nne kamili wakatokea kwenye kioo cha simu, wote watano. Mwenyekiti ni mama wa nywele nyeupe, mpole, sauti ya kubembeleza mtoto. Watatu wa katikati wao ni kutikisa vichwa tu. Wa tano ni bwana wa miwani, ambaye barua pepe zake zote kwangu huanza na "lakini".

Jamani, niliongea! Sijui Kiingereza kile kilikuwa kimejificha wapi siku zote. Nilieleza mteremko, nilieleza udongo wa volkano, nilieleza jinsi heshima inavyoweza kuchimba ardhi kuliko jembe. Mwenyekiti akawa anatabasamu. Nikajiona kabisa nimesimama kwenye jukwaa, medali shingoni, namtafuta bwana wa barafu nimpe pole.

Ndipo bwana wa miwani akakohoa. Akasema ramani ni nzuri, lakini. Atajuaje kama desturi hii bado ipo? Siku hizi watu wana simu, wana shule, wana bodaboda. Huenda hivi ni vijia vya zamani tu, au hata vya mbuzi.

Vya mbuzi! Miaka mitatu ya miguu yangu!

Nikaeleza kwa upole kwamba desturi ipo, imelegea kwa wengine, lakini ipo. Akaniuliza, je, mimi mwenyewe, ambaye nimeolewa kijiji hiki hiki, navitumia? Na hapa ndipo nilipojiroga kwa mkono wangu. Nilitaka wanione mwanasayansi. Sikutaka wadhani nimechora ramani ya woga wangu mwenyewe.

"Mimi ni mtafiti," nikamwambia. "Kwangu hivi ni data."

"Na ukikutana na baba mkwe wako sasa hivi?"

"Nitamsalimia kama mtu mwingine yeyote."

(Mungu alikuwa anasikiliza. Na nina sababu ya kuamini kwamba ni Mnyakyusa.)

Bwana wa miwani akaandika kitu kwenye karatasi yake, nikajua nimejikata mguu. Kama mkwe mwenyewe hakwepi, basi nani anakwepa? Nikaanza kutafuta namna ya kulirekebisha jibu, macho yangu yakateleza kwenye kile kipembe cha kioo kinachoonyesha sura yangu. Nyuma ya bega langu, penye kona, ukatokea mwavuli mweusi. Chini ya mwavuli, koti la kahawia. Chini ya koti, mabuti ya mvua. Na pembeni, kidumu cha maziwa.

Koti lile nalijua. Nimelijua kwa mgongo miaka kumi na moja. Leo lilikuwa linakuja kwa mbele.

Sikumbuki kuamua chochote. Nilikuwa nimesimama, halafu nilikuwa hewani. Mhadhiri wa chuo, kitenge kipya, kilemba kimebaki kwenye tawi la mparachichi. Nilirukia upande wa chini, kwenye migomba, mahali ninapopajua hatua kwa hatua, na ambapo tangu nimalize ramani jirani amechimba shimo la samadi. Kwenye ramani yangu halipo. Nililiingia mpaka kiunoni. Bado lilikuwa na uvuguvugu.

Kule juu, baba mkwe naye alikuwa ameniona. Alifanya kama mtu mwenye adabu zake: aligeuka mgongo, akaushusha mwavuli katikati yetu kama pazia, akasimama tuli. Kwa hiyo maprofesa wakawa wanatazama kijia kitupu na mwavuli.

Mwenyekiti akaniita kwa jina. Bado nipo? Nikajibu kutoka shimoni, ambako kioo cha simu nilikiona kwa upande, kwamba nipo. Wapi? Nikasema nipo chini kidogo.

Sasa yule mama, kwa wema wake, akamwona mzee na kumsalimia. Na mzee wetu hajawahi kuacha salamu ipite, hata iwe ya lugha asiyoijua. Akavua kofia, akainama mbele ya simu. "Ndaga," akaitikia kwa Kinyakyusa, kisha akaongea nao kwa Kiswahili chake cha polepole.

"Naomba mmwambie mkamwana wangu asipandie huku, ataanguka tena. Upande wa chini kuna magogo. Akanyage hayo."

Mnaelewa kilichotokea? Mzee hawezi kusema na mimi moja kwa moja. Lazima awepo mtu wa kati. Na watu wa kati waliopatikana leo Kisondela ni jopo la kimataifa la wanajiografia.

Mwenyekiti akauliza mzee anasema nini. Hakuna mwingine wa kutafsiri! Basi mimi, samadi kiunoni, nikatafsiri kwa Kiingereza safi kwamba anawaomba waniambie nisipandie juu, nitumie magogo ya upande wa chini. Yule mama akasogea karibu na kamera, uso umejaa uzito kama anasoma hukumu, akaniambia nisipandie juu, nitumie magogo ya upande wa chini. Nikamshukuru. Akauliza kama amfikishie mzee shukrani zangu. Nikasema tafadhali. Akamfikishia, kwa Kiingereza. Mzee akangoja. Ikabidi mimi tena niseme kwa Kiswahili, nikiwa nimeukazia macho mgomba mmoja, nikauambia ule mgomba kwamba mama wa kwenye simu anasema mkamwana anashukuru. Mzee akauambia mwavuli kwamba amesikia.

Wale watatu wa katikati walikuwa wamezima kamera. Najua walikuwa wanafanya nini.

Nilidhani bwana wa miwani naye atacheka. Hakucheka. Alivua miwani yake, akaomba mzee aulizwe: hiki si kijia cha wanawake? Yeye anakipitia kwa nini? Nikauuliza mgomba. Mzee akawajibu wao.

"Nilisikia mwanangu yuko barabarani leo na wageni wa heshima. Barabara nikamwachia. Mimi sikuzote akija huku namwachia njia, maziwa nazunguka nayo kule kijitoni. Leo kijito kimejaa, nikasema nipite hapa upesi."

Nikaanza kutafsiri. Kijitoni ni mwendo mrefu, jamani, na mlima juu yake. Nilimaliza kwa shida.

"Hiyo njia ya kijitoni ipo kwenye ramani yako?" akauliza bwana wa miwani.

Ningeweza kudanganya, maana nani angekwenda kuhakikisha? "Haipo," nikasema.

Miaka mitatu niliwafuata wanaoacha njia. Haikunijia hata siku moja kwamba yule anayeachiwa naye anaacha. Nilikuwa fainali ya dunia na nusu ya ramani, na aliyeniumbua ni mzee mwenye kidumu cha maziwa ambaye hakuninyooshea hata kidole. Samadi ile ilikuwa nafuu.

Mzee akaaga jopo, akarudi alikotoka, mwavuli ukiwa bado umekaa upande wangu. Mwenyekiti akasema wataniandikia. Nikatoka kwa yale magogo.

Nilifika kwangu nalia, nasema wazi. Mama mkwe alikuja kunimwagia maji kwa ndoo, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Nikamsimulia habari ya kijito. Akanitazama kama mtu anayetazama mwanafunzi aliyefeli somo rahisi.

"Ulidhani unazunguka peke yako?"

Niliinama akaendelea kunimwagia maji.

Saa tisa alasiri barua pepe ikaingia. Niliifungua kwa jicho moja. Nimeshinda! Jamani, NIMESHINDA! Nilipiga yowe kuku wakatawanyika, mume wangu, aliyekwisha kuambiwa na majirani, akanipigia simu kutoka Mbeya akidhani kuna msiba. Aliyeiandika ni bwana wa miwani mwenyewe, na haikuanza na "lakini". Anasema swali lake lilijibiwa niliporuka, kwa kuwa mruko ule hauwezi kuigizwa, na la pili, kama mchoraji wa ramani anaaminika, lilijibiwa niliposema haipo. Wananipa tuzo kwa sharti moja: niiongezee ramani njia za akina baba kabla ya kuchapishwa.

Nikamtuma mama ampe mzee habari, na ombi langu: je, atakubali kutembea na kile kifaa cha GPS, mimi nisiwe karibu? Mama akarudi na jibu muda si mrefu. Mzee amefurahi kuliko mimi. Amesema atakivaa kesho kesho alfajiri, ila anauliza kinakaa mfuko upi wa koti, na kama samadi imetoka.

Kuna jambo dogo tu ambalo nililisoma mara ya tatu, mwisho kabisa wa barua. Mahojiano yote yalirekodiwa. Wanaomba idhini yangu kuonyesha rekodi ukumbini siku ya kukabidhi medali, mbele ya wanajiografia wa dunia nzima, pamoja na bwana wa barafu.

Nimeidhinisha. Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu, mkiniona hapo mjini Tukuyu na kicheko kimewabana, niachieni njia.